Saa Isiyosikiliza Mnara

Mji mzima ulifuata saa iliyotumwa na Mnara, kwa hiyo Mwanaidi aliponunua saa kuukuu ya mkono, alitaka tu kuona inavyokwenda peke yake. Ilikuwa imekufa. Fundi Shomvi alihangaika wiki tatu kutafuta springi, mwisho akaitoa kwenye saa ya marehemu mkewe.

"Haina betri, mwanangu. Inakula mwendo wa mkono wako."

"Basi itashiba, fundi. Nina mtoto wa kubembeleza!"

Mtoto huyo, Chiku, alijulikana kwa ulafi katika chumba cha watoto cha kiwanda alichofanyia kazi Mwanaidi. Kila siku alililia ziwa kabla ya wakati, na walezi walimwacha alie mpaka Mnara uruhusu.

Asubuhi hiyo Mwanaidi aliingia zamu saa yake na ya Mnara zikiwa sawa. Chiku alipoanza kulia, Mnara ulisema bado dakika arobaini. Saa ya mkononi ilisema wakati umefika.

"Inakimbia hiyo, dada," mlezi akamcheka. "Kuukuu!"

Lakini jioni nyumbani, pengo lile halikuongezeka hata dakika moja. Ingekuwa saa yake inakimbia, lingezidi; ni kazini tu Mnara ulikuwa ukijikokota, kurefusha zamu.

Mwanaidi alishusha mkono wa gauni, akaifunika saa kama atakavyoifunika kazini kuanzia kesho, akamnyonyesha mwanawe.

"Kumbe hukuwa mlafi, mama," alinong'ona. "Nisamehe."