Taa ya Kaoneka

Siku hizo treni ya kwenda Usambara iliendeshwa na miguu ya abiria. Kila mtu alipanda na baiskeli yake, akaifunga sakafuni, akakanyaga pedali. Kila baiskeli ilikuwa na taa ya kijani; yako ikigeuka nyekundu kwa kuwa umeshindwa kukanyaga, ulishushwa kituo kilichofuata.

Nuru na mumewe Kaoneka walikuwa wakienda likizo ya kutembea milimani, likizo waliyoingoja tangu waoane. Walipokaribia Korogwe, kifua kilimbana Kaoneka, na taa yake ikawa nyekundu.

"Nitakanyaga kwa niaba yake," Nuru alimsihi kondakta. "Tafadhali, kaka yangu!"

"Haiwezekani, mama. Kila mtu na miguu yake."

Abiria wengine walitazama mbele, wakakanyaga. Kaoneka alishuka akiikokota baiskeli. Nuru akamkimbilia, lakini mlango haukumfungukia mwenye taa ya kijani.

"Nenda, mke wangu," Kaoneka alisema dirishani, akihema. "Utakuja kunisimulia."

Treni ikaondoka. Nuru alirudi kukanyaga huku akilia, na baada ya muda akagundua jambo lililomtia hofu: pedali zilikuwa nyepesi kuliko mwanzo, na miguu yake ilikuwa ikifurahia.