Korongo Aliyeijua Njia ya Ndani

Nungunungu alikuwa anasafiri kwa mashua kwenda kumwozesha dada yake adhuhuri. Zilikuwapo njia mbili: ya nje, iliyozunguka baharini, na ya ndani, iliyokata mikokoni.

"Twende nje," alisema Kaa, mshika usukani. "Ndani maji yanakupwa."

Korongo, abiria aliyejialika, akacheka. "Wewe unayetembea kombo ndiye wa kutuonyesha njia? Bwana Nungunungu, mimi ndani nimepita mara mia."

Nungunungu akaamini hizo mara mia. Walipofika katikati ya mikoko, mashua ikakaa juu ya tope.

"Korongo," aliuliza Nungunungu, akijizuia asipige kelele, "ulipita hapa kwa mashua?"

"Mashua ya nini, bwana? Nina mbawa."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza." Korongo akaruka. "Nitawaambia mnakuja!"

Maji yalijaa alasiri. Nungunungu akafika ametapakaa tope, akakuta sahani za pilau zinaoshwa.

"Tumeshamaliza, kaka," alisema dada yake. "Korongo katuambia umemtuma asimame badala yako."

Korongo akafuta mdomo. "Pole, bwana. Lakini na wewe, si ungepita nje?"