Msumari Mahali pa Fyuzi

Mkaguzi wa umeme alikata kwa kisu rangi iliyougandisha mlango wa boksi la fyuzi, akaufungua. Uvundo ukampiga puani. Panya alikuwa ameungua akagandamana na nyaya, meno nje, na mahali pa fyuzi palikuwa na msumari wa inchi nne.

"Miaka sita huo, shemeji," mwenye jengo akajisifu. "Haujaungua hata siku moja!"

Juu yao zilinguruma cherehani za mafundi arobaini.

Mkaguzi akatema mate. "Utaua watu, mnyama wewe!"

"Tutaua," mwenye jengo akamsahihisha, akichomoa kadi ya ukaguzi mfukoni. Ilikuwa na sahihi sita, zote za mkaguzi mwenyewe, zote alizitia ofisini bila kuligusa boksi. "Njoo, chai yako inapoa."