Peni Iliyogundishwa Ubaoni

"Usiibandue kwa kisu," Noreen alisema kwa mara ya tatu. "Baba atafufuka."

"Kisu kwenye sarafu? Mama, mimi nina akili zangu." Clem, mnunuzi wa sarafu za kale, aliendelea kudondosha spiriti, tone baada ya tone, kuizunguka peni ya shaba iliyogundishwa ubaoni tangu yeye hajazaliwa. Gundi ya kizamani, ngumu kama jiwe, ilikuwa imemeza ukingo wote. Uso wa mfalme tu ndio ulioonekana.

Miaka thelathini na moja Clem alikuwa akipima sarafu dukani kwake hapa mjini Wagga, lakini peni safi kama hii hakuwahi kuiona. Alisogeza lenzi.

"Lulu zilizochorwa kwenye taji la mfalme zipo zote nane. Peni nyingi zinazoletwa hapa zina lulu mbili au tatu, zilizobaki zimesagika mifukoni mwa watu. Mliwahi kuisugua?"

"Nani athubutu kuigusa? Imetundikwa juu ya meko maisha yangu yote. Baba alisema ndiyo iliyotupa shamba."

"Afadhali. Peni ikishasuguliwa, thamani yake imekufa."

Noreen hakucheka. Huu ulikuwa mwaka wa tatu bila mvua ya maana, na miti ya tufaha aliyoipanda na marehemu mumewe ilikuwa inakauka imesimama. Mchimba visima alikuwa kwa jirani na mtambo wake, na kesho asubuhi angeondoka kwenda mji wa Hay. Asipolipwa achimbe kwa Noreen kabla ya hapo, miti basi. Noreen alishauza ng'ombe, trekta na pete ya ndoa. Alibaki na ubao huu, akaja nao mji wa mbali ili majirani wasimwone.

"Niambie bei tu," alisema. "Nakuomba."

"Bei iko nyuma, kwenye maandishi, pale palipo na mwaka. Kama ni elfu moja mia tisa na thelathini, mwaka zilipotengenezwa chache mno, kwa hali hii nakuandikia hundi ya dola elfu arobaini sasa hivi, na sitakuwa nimekufanyia hisani yoyote. Kama ni mwaka mwingine, nakupa dola mia na kikombe cha chai."

"Ni thelathini. Lazima iwe thelathini." Akafunika uso kwa viganja na kulia, mwanamke wa miaka sitini na nne, bila hata kujaribu kujificha.

Clem hakuwa hodari wa kubembeleza. Akauliza swali la kwanza lililomjia. "Peni moja ilimleteaje mtu shamba?"

"Kwetu Batlow, mwaka hamsini na mbili, siku ya Anzac, ya kuwakumbuka wanajeshi." Noreen alipangusa pua. "Gwaride limeisha, wanaume wako nyuma ya baa wanacheza kamari ya kurusha peni kama kawaida yao. Siku hiyo anayerusha ni baba. Kulikuwa na mmoja bahati ilimkimbia kabisa. Kila akichagua maandishi, mfalme ndiye anayeangukia juu. Mara saba, bwana. Ile ya saba akaweka shamba lake kuwa dau."

"Halafu?"

"Halafu likawa letu. Baba hakurusha peni tena mpaka anakufa. Aliigundisha hapo usiku uleule, akatukataza tusiibandue."

Mkono wa Clem ulisimama hewani na tone lake.

"Huyo mtu aliitwa nani?"

"Treloar. Aliondoka kwa miguu na mke na watoto, wanasema. Kwani unamjua?"

Gundi ikaachia. Peni ikateleza hadi kwenye kitambaa, uso wa mfalme ukiwa juu. Clem hakuigusa.

"Ni babu yangu," alisema. "Alifia hospitali ya wagonjwa wa akili, kila siku akiapa kwamba aliibiwa. Na sisi kila siku tunamwambia, sawa babu, lala."

Akaigeuza kwa ncha ya kidole. Upande wa pili hapakuwa na mwaka wowote; palikuwa na mfalme yuleyule.