Mkubwa Hajaondoka

"Wafanyakazi wote wa ghorofa ya sita wanatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu, maikrowevu ya idara haitatumika kupashia moto samaki mkavu. Malalamiko yawasilishwe kabla ya kula. Dasom, Masuala ya Wafanyakazi."

Tangazo lilijitokeza kwenye skrini zote, likakaa kidogo, kisha kompyuta zikajizima zenyewe, kwa kuwa ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Dasom, akili mnemba iliyokabidhiwa wafanyakazi wa kampuni ile ya mjini Incheon, ilikuwa imeamua kwamba binadamu wanahitaji kupumzika. Kampuni ilitengeneza viti vya choo vyenye joto, na ilitaka ukarimu wake usiishie kwa wateja.

Hakuna aliyeinuka.

Kazi yenyewe ilikwisha tangu alasiri. Hesabu zilizokuwa zikiwafanya wakeshe zamani, sasa Dasom ilizimaliza kabla kahawa haijapoa. Lakini Mkuu wa Idara, Bwana Gu Pil-ho, alikuwa bado ameketi mezani pake, na katika ghorofa ile mtu hakumtangulia mkubwa wake kutoka. Basi watu wazima wenye shahada walikaa kimya mbele ya skrini nyeusi. Mmoja alipangusa kibodi. Mwingine alisoma kwa makini mwongozo wa kusafisha kiti cha choo, ambao aliuandika mwenyewe.

Simu ya Meneja Bang Hye-rin ilitetemeka. Aliyepiga alikuwa mwalimu wa chekechea ya mwanawe.

"Mama Da-on, mtoto ameshavaa koti. Uko njiani?"

"Nakuja, mwalimu. Nakuja sasa hivi."

"Ndivyo ulivyosema na jana. Mimi mwenyewe sitaki, lakini mkuu wetu amesema ukichelewa na leo, nafasi anapewa mtoto mwingine. Wanaoisubiri ni wengi, unajua."

Hye-rin aliijua orodha hiyo. Alikuwa amekaa humo tangu akiwa mjamzito. Chekechea nyingine haikuwapo karibu, na pasipo chekechea pasingekuwa na kazi.

Pyo Gi-tae, aliyekaa meza ya jirani, alimwinamia.

"Dada, jifanye unaumwa."

"Niliumwa wiki iliyopita."

"Basi fiwa."

"Shangazi nimeshamzika. Juzi kanipigia simu, ananilaumu mbona siendi kumwona."

"Kamwambie Mkuu ukweli, basi."

"Wewe mbona humwambii?"

"Mimi sina mtoto, dada. Nina paka, na anajitegemea."

Hye-rin akasimama. Ghorofa nzima ilisikia kiti chake kikisogea. Akaenda hadi mezani kwa Bwana Gu, akainama.

"Mkuu, niwie radhi sana. Nyumbani hawakungojei?"

Kwa kipimo cha idara ile, hayo yalikuwa matusi. Bwana Gu akateremsha sauti.

"Meneja Bang, unadhani mimi napenda kukaa hapa? Mke wangu anaamini nina mwanamke. Nikamwambia hapana, huwa nakaa natazama ukuta. Akasema, heri ungekuwa na mwanamke."

"Sasa mbona hatuondoki?"

Alimwonyesha kwa kidevu. Ng'ambo ya ua, katika ghorofa ya juu kabisa ya bawa la pili la jengo lao, dirisha moja lilikuwa linawaka.

"Mkurugenzi Cheon hajaondoka. Nipite chini ya dirisha lake na mkoba begani, nionekane mtu wa namna gani?"

"Anafanya nini hadi saa hizi?"

"Kazi! Tangu miti ichanue amebadilika kabisa. Hafoki, hakosei tarakimu, hata pombe ya soju ameacha kunywa nasi. Ukimwandikia, jibu linarudi hujakaa vizuri. Mtu wa umri wake! Mimi naona haya kwa uvivu wangu."

"Basi tumwombe apumzike."

"Nani amwombe? Mimi?"

"Dasom, Mkuu. Si ndiyo kazi yake?"

Waliliandika ombi pale pale, kwenye simu ya Hye-rin. Bwana Gu alilipamba kwa heshima nyingi kiasi kwamba ombi lenyewe likawa gumu kulipata. Lakini ukilitafuta, lilikuwamo: Mkurugenzi aifikirie afya yake iliyo hazina kwa kampuni, arejee nyumbani mapema, ikiwezekana jioni hii hii, kwani kuna mtoto anayengoja akiwa amevaa koti. Kisha Bwana Gu akafanya jambo ambalo halikuwa limetokea katika miaka yake yote ya utumishi. Aliweka jina lake chini ya la Hye-rin. Walipoona hivyo, wengine wote waliongeza yao, wakaanza kuvaa makoti na kushika mikoba, huku macho yao yakiwa dirishani.

Simu zote zililia kwa pamoja. Bwana Gu alisimama wima, kwa kuwa ujumbe ulitoka juu, akausoma kwa sauti:

"Uamuzi. Ombi la idara limechunguzwa na kuonekana lina msingi. Hata hivyo, Mkurugenzi Cheon alistaafishwa majira ya miti kuchanua, bila kuagwa, ili kazi isisimame. Ofisi yake sasa inahifadhi mitambo ya mfumo huu, ambao umeyachukua majukumu yake yote, na ambao, kwa usalama wa kampuni, hauzimwi wala hautoki. Kwa hiyo, kwa kuiheshimu desturi ya wafanyakazi wenyewe, imeamuliwa kwamba utaratibu ubaki kama ulivyo: kila mmoja ataendelea kuwa huru kwenda nyumbani mara tu mkubwa wake atakapoondoka. Dasom, Kaimu Mkurugenzi."