Waridi la Toba

"Acha hicho chungu!"

Mama aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Mwanawe, seremala, aliyekuwa akikisogeza chungu cha waridi pale dirishani, akainua mikono juu.

"Haya, mama, nimesalimu amri. Ua lako lina ulinzi mkali kuliko benki."

Hakutia chumvi. Miaka mitatu sasa mama alilinywesha mwenyewe, kikombe asubuhi, kikombe jioni, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Majirani walijua sababu. Waridi lilikuwa la mkaza mwana wake, muuza miche, yule aliyeondoka na mabegi mawili baada ya kuambiwa mbele ya watu kwamba ndiye mwizi wa pete ya mama mkwe. Walimpekua mpaka kwenye soli za viatu. Pete haikuonekana. Baadaye mama akalainika, akawa anasema, "Labda nilimwonea. Ua hili ndilo toba yangu," na machozi yanamlenga.

Waridi lenyewe halikuonyesha shukrani. Majani yalikuwa ya manjano, shina limekonda kama mgonjwa.

Leo mwenyewe alikuwa anakuja kulichukua. Seremala alimbembeleza wiki nzima arudi nyumbani, naye akajibu, "Nikishaongea na mama, ndipo nitajua."

Akaingia bila kishindo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa!"

"Ninenepe na nini, mama? Ni gauni hili."

Wakacheka, kidogo tu. Zamani wawili hawa walikuwa wakipika huku wakitegeana vitendawili mpaka chakula kinaungua.

Mkaza mwana akaenda dirishani, akabonyeza udongo kwa kidole.

"Mgumu kama jiwe. Mama, si uliniona? Kila mwaka nilikuwa nalibadilishia udongo."

Mama akakikumbatia chungu. "Niachie, mwanangu! Beba chochote humu ndani, hiki niachie. Miaka mitatu nakililia. Nisamehe."

Seremala akageukia ukutani, akajifuta macho.

Mkaza mwana akajipangusa udongo kidoleni.

"Huna lingine la kuniambia?"

"Lipi tena, zaidi ya msamaha?"

"Basi kaa nalo."

Akachukua mkoba wake. Seremala akamfuata, akamshika mkono; mkewe akautoa taratibu. Mlangoni akageuka.

"Nikutegee kimoja, mama, kama zamani. Kaburi linamwagiwa maji kila siku, maiti hayumo."

Mama akakuna kichwa. "Hicho kipya. Kimenishinda. Chukua mji uutakao."

"Miji sitaki. Jibu nitakupa bure. Siku ile naondoka, mabegi yakiwa yamefungwa, nililibadilishia waridi udongo. Sikutaka life njaa."

Akatoka. Seremala akamkimbilia hadi barabarani, akiita.

Mama akabaki peke yake na chungu. Akazamisha vidole kwenye udongo, mara ya kwanza tangu siku alipoizika pete humo. Akafukua mpaka kucha zikagonga chini.

Mizizi tu.