Mche wa Tano

Sheria mpya ya mji ilimruhusu kila mtu mzima kupanda miche minne ya bangi nyumbani kwake. Wa tano ulikuwa wa kung'olewa. Luhende, mkaguzi, alihesabu minne nyuma ya jiko la Bibi Nyamizi. Kisha akauona mwingine, umejiotea juu ya kaburi la mumewe.

"Na huu, bibi?"

"Huo si wangu, mwanangu. Ni wa huyo aliyelala hapo. Walimfunga kwa msokoto mmoja, akafia hukohuko."

Luhende alichuchumaa, akalishika shina. Udongo ulikuwa laini. Akaliachia, akafungua tena daftari lake.

"Hapa mnaishi watu wazima wangapi?"

"Tupo wawili," akasema bibi, na maji ya kata akayamimina kaburini, polepole.